Besiboli ya Aprili au hoki ya Aprili? Kwa mgeni mwenye jioni moja tu

Wakuu, kila ikifika Aprili hapa Toronto naulizwa swali lilelile na watu wetu waliofika juzijuzi, awe katoka Dar, Mombasa au Bukavu: hawa jamaa mbona saivi wanashangilia michezo miwili kwa mpigo, Blue Jays ndo kwanza wameanza besiboli, Maple Leafs wakiwa wamefuzu wako kwenye mtoano wa hoki, sasa mimi mwenye shifti, mwenye watoto na mwenye hela ya kulipia chaneli moja nianze na upi? Nimejibu kwa mdomo nimechoka, leo naandika. Na nasema mapema usije ukadai nimekuzungusha: mimi nashabikia yote mawili, ila mgeni nampeleka uwanjani kwenye besiboli na namkalisha mbele ya TV kwenye hoki, na yule anayeniambia anataka hoki kwa ajili ya ngumi, huyo ndo nitabishana naye zaidi huko chini.

Mechi moja ina uzito gani

Tuanze na hesabu maana hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Ligi Kuu ya Bara ni timu 16, mechi 30, kwahiyo ukidondosha pointi tatu unaumwa wiki nzima na kijiweni hupiti. Hoki ya NHL, ligi kuu ya hoki ya huku, kila timu inacheza mechi zaidi ya 80, kuanzia vuli. Besiboli ya MLB, ligi kuu yao, ni mechi 162, karibu kila siku, mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba. Yaani mechi moja ya kwetu ni kama mechi tano na ushee za besiboli. Ndo maana utamkuta mshabiki wa Blue Jays kafungwa Jumatatu 9-1 na Jumanne yuko kwenye kiti kilekile anamenya karanga kama hakuna kilichotokea, na wewe mwenye moyo wa Simba na Yanga unamtazama unasema huyu hana uchungu na timu. Uchungu anao, kauweka akiba mpaka Septemba.

Nikupe Aprili moja tu uone tofauti, Aprili ya 2023. Tampa Bay Rays walianza msimu wa besiboli wakashinda mechi 13 mfululizo, hawajafungwa hata moja, kila redio ya michezo inasema hawa wameshabeba, mwanzo kama huo haujaonekana tangu Milwaukee Brewers wa 1987. Wakaja hapa Rogers Centre tarehe 14, Blue Jays wakawachapa 6-3, sherehe ikaishia hapo. Wakamaliza msimu na ushindi 99, si haba, wakaingia mtoano na Texas Rangers wakawatoa kwa mechi mbili tu, kwaheri. Rangers ndo waliobeba World Series, yaani ubingwa wa besiboli, mwaka ule, na wakati Rays wanaimbwa Aprili nani alikuwa anawataja Rangers? Na hao Brewers wa 1987 wenyewe baada ya 13-0 yao walifika Mei wakafungwa mechi 12 mfululizo, mtoano wakausikia kwenye bomba.

Sasa geuka upande wa hoki, mwezi uleule. Boston Bruins walikuwa wamemaliza msimu wa kawaida na ushindi 65 na pointi 135, rekodi ya NHL tangu ligi iundwe. Raundi ya kwanza wakapewa Florida Panthers, timu iliyopenya kwenye mtoano dakika za mwisho kabisa. Bruins wakaongoza 3-1, unahitaji ushindi wa nne tu ufuzu. Wakafungwa ya tano, wakafungwa ya sita, ya saba nyumbani kwao Boston wakafungwa kwenye muda wa nyongeza, tarehe 30 Aprili. Kazi ya tangu Oktoba, rekodi ya historia, imekwenda na maji ndani ya siku tano. Na usiku mmoja kabla ya hapo, tarehe 29, John Tavares alifunga kwenye muda wa nyongeza kule Tampa, Leafs wakashinda raundi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2004, mtaani hapa Toronto watu walipiga honi na kukumbatiana na wasiowajua utadhani kombe limekuja, kumbe ni raundi ya kwanza tu, na walewale Panthers wakawatoa raundi iliyofuata. Kombe lenyewe Leafs hawajalishika tangu 1967, ukitaka ugomvi na mzee yeyote wa hapa mtajie huo mwaka.

Kwahiyo kwa presha hakuna mjadala, hoki ya Aprili inashinda kwa mbali. Matokeo ya besiboli ya Aprili ni ya kusikiliza na sikio moja. Washington Nationals 2019 walifungwa 31 katika mechi 50 za kwanza, magazeti yakawa yanauliza kocha anafukuzwa lini, na Oktoba wakabeba World Series. Mchezaji mmojammoja ndo usiseme. Chris Shelton wa Detroit Tigers, 2006, alipiga homu rani (mpira unaopigwa mpaka jukwaani) 9 kwenye mechi 13 za mwanzo, watu wakaanza kupiga hesabu akiendelea hivi atavunja rekodi gani, akamaliza mwaka na 16 na katikati ya msimu wakamshusha ligi ya chini. Tuffy Rhodes wa Chicago Cubs alipiga homu rani tatu siku ya ufunguzi 1994, tena kwa mrushaji mkubwa kama Dwight Gooden, mwaka mzima akaishia na 8. (Baadaye huyo Rhodes alikwenda Japani akawa moto wa kuotea mbali, 2001 alipiga 55, kwahiyo usimcheke.)

Si kwamba Aprili haisemi ukweli kabisa. Baltimore Orioles 1988 walifungwa mechi 21 za mwanzo, zote, na hapo hakuna cha "bado mapema jamani", walikuwa wabovu na wakamaliza na vipigo 107. Na Detroit 1984 walianza na ushindi 35 katika mechi 40, wakabeba. Kipimo changu mimi ni hiki: timu ikiwa juu kidogo au chini kidogo mwezi wa nne, funga macho. Ikiwa imepitiliza huku au huku, fungua jicho moja.

Baridi, na kwanini naipenda hiyohiyo besiboli isiyo na maana

Hapa sasa ndo nawapoteza wenzangu wa hoki. Hiyo presha ndogo ndo faida. Mgeni hajui mrushaji anafanya nini, hajui kwanini mtu anaambiwa katoka wakati mpira haujadakwa, anataka mtu wa kumuelekeza taratibu, na besiboli ya Aprili inakupa nafasi hiyo kwasababu aliyekaa pembeni yako hajakunja uso. Muulize chochote, atakueleza mpaka na historia ya babu yake. Jaribu kumuuliza mshabiki wa Leafs swali la kanuni katikati ya mechi ya sita ya mtoano, utanipa majibu.

Mechi yenyewe wameifupisha. Zamani ilikuwa inafika masaa matatu na zaidi, mrushaji anapanguza jasho, anavuta suruali, anatembea, anarudi. 2023 wakaleta saa ya kuhesabu, mrushaji ana sekunde 15 kukiwa hamna mtu kwenye besi (vile vituo mpigaji anavyokimbilia) na sasa 18 kukiwa na mtu, akizidisha mpigaji anapewa zawadi. Mara moja wastani ukashuka mpaka kama saa mbili na dakika arobaini. Wazee walinung'unika wee, mwezi mmoja tu wakazoea.

Na kuna kitu cha Aprili ambacho Julai hukipati: baridi. Timu za kaskazini zisizo na paa, Chicago, Detroit, Cleveland, New York, Boston, mwezi wa nne zinacheza kwenye nyuzi joto za friji. Mtazame mrushaji kwa karibu kamera ikimsogelea. Anapuliza vidole. Hilo kwa kawaida hairuhusiwi akiwa amesimama pale kwenye kilima chake, sababu mate kwenye mpira ni udanganyifu, ila siku ya baridi kali makocha wote wawili wakikubaliana mwamuzi anaruhusu. Mpira umekuwa mgumu na unateleza, hawezi kuukamata uzi ule mwekundu vizuri, kwahiyo ule wa kupinda haupindi. Mpigaji naye akiukosea ukagonga karibu na mikono, gongo linamtetemesha mpaka kwenye viwiko, utamwona analiachia na kukung'uta mikono kama kashika sufuria ya moto. Na hewa ya baridi ni nzito, mpira ambao Julai ungekwenda jukwaani, Aprili unadakwa mbele ya ukuta. Ukishayajua haya unaanza kuelewa kwanini namba za Aprili zinadanganya, si bahati tu.

2007 pale Cleveland theluji ilifuta mfululizo mzima wa mechi za ufunguzi dhidi ya Seattle, na zilizofuata dhidi ya Angels wakazihamishia Milwaukee kwenye uwanja wenye paa. Na Toronto wenyewe, mechi ya kwanza kabisa ya Blue Jays, tarehe 7 Aprili 1977, uwanja wa zamani wa Exhibition Stadium ulikuwa mweupe kwa theluji, unajua walifanyaje? Waliazima ile mashine ya kulainisha barafu ya Maple Leafs, Zamboni, ikaletwa kufagia uwanja wa besiboli. Doug Ault akapiga homu rani mbili, Blue Jays wakashinda 9-5. Siku hizi Rogers Centre ina paa la kufungwa tangu 1989 kwahiyo hapa huganduki, ila ukienda kutembelea ndugu Detroit au Chicago ukaenda mechi ya Aprili, beba blanketi, usione aibu, wote wamebeba.

Tarehe 15 Aprili pia uiweke alama, kila mchezaji kwenye ligi anavaa namba 42, ni kumbukumbu ya Jackie Robinson aliyeingia 1947 na kuvunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi ile. Na kwa sisi Waafrika Aprili ina jambo lake jingine, maana tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, akiwa na Pittsburgh, alikuwa mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza MLB, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira safi akafika besi. Majirani zetu Uganda nao hawajalala, vijana wao walicheza Little League World Series, mashindano ya watoto, 2012, na 2022 Dodgers wa Los Angeles wakasaini vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Sasa ngumi

Shemeji yangu mmoja alipofika huku, nikamkalisha mbele ya hoki, hakuuliza nani anacheza na nani, aliuliza "hawa wanapigana dakika ya ngapi?" Hakuwa anatania. Wengi wetu tumeijua hoki kupitia vipande vya simu ambavyo watu wanapasuana, na tukija huku tunategemea kila mechi iwe hivyo. Ngoja nieleze inavyokwenda.

Kabla paki (ile sahani nyeusi wanayochezea badala ya mpira) haijadondoshwa wachezaji wawili wanasogeleana. Mmoja anasema kitu, huwezi kusikia, mwenzake anatingisha kichwa, mkataba umesainiwa. Paki ikishuka tu wanatupa fimbo, wanatupa glavu, wanazungukana. Mkono mmoja unakamata jezi ya mwenzake begani na kuivuta mpaka imfunike uso, mwingine unashusha ngumi. Juu ya barafu huna pa kukanyagia, ngumi nyingi zinapita hewani au zinatua kwenye helmeti, anayepiga ndo anatoka vidole vimevimba. Waamuzi wa mistari wanasimama pembeni hatua chache wanaangalia, hawaingii mpaka mmoja adondoke au wachoke. Ukumbi mzima umesimama, hata yule aliyekuwa anatafuta kiti. Wakishaachanishwa kila mmoja anaenda kwenye kibanda cha adhabu dakika 5, anatoka mtu kukwangua damu kwenye barafu, mechi inaendelea.

Dakika 5 tu, wakuu! Linganisha na besiboli. Mei 2016 kule Texas, Rougned Odor alimtandika José Bautista wa Blue Jays konde moja la taya, moja tu, picha yake mpaka leo inazunguka. Alifukuzwa mechi na kufungiwa mechi 8, rufaa ikapunguza moja. Kwenye hoki konde lile ni dakika 5 na unarudi kucheza na mashabiki wanakupigia makofi. Besiboli nayo ina ukatili wake sikatai, mrushaji akikasirika anakulenga mbavuni na mpira wa maili 95 kwa saa, na 1920 Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira akafa kesho yake, ndo mchezaji pekee wa MLB aliyekufa kwa kugongwa mechini. Lakini mwamuzi akihisi umelenga makusudi anakutoa. Mchezo unasema hili ni kosa. Hoki inasema hili ni kosa, alafu inakukonyeza.

Watetezi wa ngumi wana hoja yao na nimeisikia mpaka naijua kwa moyo: timu lazima iwe na mbabe, mbabe akiwepo hakuna atakayemgusa staa wenu, ukiondoa ngumi watu watapigana na fimbo. Inaingia akilini ukiisikia mara ya kwanza. Sasa nijibu swali moja. Mtoano ukianza, pale kila goli ni dhahabu na mastaa wanagongwa kuliko wakati wowote, mbona ndo ngumi zinapungua? Kwasababu kocha hataki mchezaji wake akae kibandani, na mbabe asiyejua kucheza anavuliwa jezi anakaa jukwaani na suti. Wenyewe makocha wakitaka kushinda kwa dhati wanaziweka ngumi kando. Hilo mimi linanitosha kuliko takwimu yoyote.

Mfano mmoja. Februari 2025 pale Montreal, Marekani na Kanada kwenye mashindano ya 4 Nations, sekunde 9 za kwanza walipigana mara tatu, ndugu wawili wa Tkachuk na J.T. Miller upande wa Marekani, dunia nzima ikawa inasambaza zile video, Marekani wakashinda siku ile 3-1. Siku tano baadaye wakakutana tena fainali Boston, kikombe kiko mezani, hakuna aliyetupa glavu, Kanada wakashinda 3-2 kwenye muda wa nyongeza kwa goli la Connor McDavid. Ipi kati ya hizo ilikuwa mechi bora? Nimeziona zote, sihitaji hata kufikiri.

Au ile ya tarehe 3 Aprili 2024, Rangers wa hoki wa New York (si wale wa Texas) na Devils, paki imedondoshwa tu wachezaji wote kumi wa ndani wakapigana kwa pamoja, wanane wakatolewa, mechi imechezwa sekunde mbili. Watu wengine waliiita burudani ya mwaka. Mimi nikifikiria mtu amelipa tiketi ya Madison Square Garden na wanane wameshaenda kuoga, hapana.

Na kuna upande usioonekana kwenye video. Don Sanderson, kijana wa miaka 21, alicheza ligi ya ridhaa hapahapa Ontario, Desemba 2008 alipigana mechini, helmeti ikamtoka, kichwa kikagonga barafu, Januari 2009 akafa. Derek Boogaard, mmoja wa wababe waliokuwa wanaogopwa kuliko wote NHL, alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28 kwa pombe na vidonge vya maumivu, ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na CTE, ule ugonjwa unaokuja kwa kugongwa kichwa miaka na miaka. Bob Probert naye, mbabe wa Detroit na Chicago, alikutwa nao baada ya kufa. Gary Bettman anayeiongoza ligi tangu 1993 amesema zaidi ya mara moja kwamba sayansi haijathibitisha uhusiano. Sawa, mimi si daktari, lakini ukishayajua haya majina huwezi tena kushangilia kwa moyo mweupe yule jamaa wa mstari wa nne, kundi la mwisho kuingizwa, anapovua glavu.

Usichanganye lakini ngumi na kumbo. Kumbo ni mchezo. Mwenye paki unaruhusiwa kumpiga bega mwilini, umbamize kwenye kioo mpaka ukumbi utetemeke, hiyo ni halali na Aprili zinapigwa kumbo ambazo ukiwa umekaa karibu na kioo unaruka. Tatizo ni zile za kichwani na za nyuma. Mpaka 2010 za kichwani zilikuwa hazina hata kanuni yake inayoeleweka, mpaka Matt Cooke alipomlaza Marc Savard wa Boston ndo wakaandika moja. Raffi Torres Aprili 2012 alimrukia Marian Hossa akatolewa kwa machela, akafungiwa mechi 25, baadaye zikapunguzwa ziwe 21. Na ya kwetu Leafs, Nazem Kadri, Aprili 2019 dhidi ya Boston, mwenzake kagongwa, yeye akaamua kulipiza, fimbo mikono miwili kwenye kichwa cha Jake DeBrusk. Akafungiwa raundi yote iliyobaki. Mwaka uliotangulia, dhidi ya Boston haohao, alishafungiwa mechi tatu. Leafs wakatolewa mechi ya saba, na kiangazi wakamuuza. Kwahiyo hata ukiweka utu pembeni, hasira zimeigharimu hii timu kuliko zilivyowahi kuisaidia.

Kuna yaliyovuka mpaka yakaishia mahakamani: Marty McSorley 2000 alimpiga Donald Brashear fimbo ya kichwa, akakutwa na hatia. Todd Bertuzzi 2004 alimpiga Steve Moore kwa nyuma akamwangukia, Moore akavunjika mifupa ya shingo, hakucheza tena, Bertuzzi akakiri kosa. Hizo zote mbili zilikuwa kulipiza kisasi, yaani ile "sheria ya wababe" ikifanya kazi kama walivyoisifia.

Habari njema ni kwamba zinapungua zenyewe. Ukilinganisha na miaka kumi na tano iliyopita ngumi NHL zimeshuka sana, timu zinataka watu wa kasi siyo watu wa ngumi. Ligi ya vijana ya Quebec kuanzia msimu wa 2023 ukipigana unatolewa, na fimbo hazijageuka mapanga kama tulivyotishwa. Kwahiyo shemeji, ukija kwa ajili ya ngumi, unaweza ukalipa hela yako yote na usione hata moja.

Mfuko, watoto, na usingizi

Hili fupi. Tiketi ya Leafs ni kati ya za ghali kuliko zote NHL, ikifika mtoano ni kodi ya nyumba, achana nayo. Blue Jays viti vya juu kabisa Aprili, katikati ya wiki, familia inaingia bila kukopa, na Jumanne nyingi wamekuwa wakiuza hotidogi za bei chee, foleni ndefu ila inaenda (kwa wasiokula nguruwe ulizeni kwanza zile ni za nini, msiamini rangi). Mtoto akichoka inningi (awamu) ya sita mnaondoka, hakuna ulichokosa. Kwenye TV Jumamosi usiku CBC kwa miaka mingi wamekuwa wakionyesha hoki bure na mtoano pia, Blue Jays wao wako Sportsnet ya kulipia. Kwahiyo bahati nzuri pochi inakubaliana na mimi: hoki sebuleni, besiboli uwanjani.

Tahadhari kwa wa shifti ya alfajiri. Mtoano wa hoki hauna penalti wala sare, wakifungana wanacheza dakika 20 za nyongeza, hamna goli, 20 nyingine, mpaka lipatikane. Tampa na Columbus 2020 walikwenda nyongeza tano. Mechi ya namna hiyo ikianza saa moja usiku, saa saba upo macho, saa kumi alamu inalia. Besiboli saa nne kasoro umeshapiga mswaki.

Na paki haionekani, najua, kila mgeni analalamika. Usiitafute. Angalia wachezaji wanageukia wapi, wiki mbili jicho linashika. Wakenya wenyewe wameshika, timu yao ya Ice Lions imekulia kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari Nairobi, 2018 ikaletwa Kanada ikacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, kwahiyo usiniambie hoki si ya watu wetu.

Basi uchague hivi

Kama una watoto, au unataka kuujua mji na watu wake, au roho yako haipendi kelele, nenda besiboli wiki mbili za kwanza za Aprili na usiangalie msimamo wa ligi kabisa. Kama unatokea kwenye ushabiki wa derby na umeimiss ile hali ya tumbo kukaza, ngoja mtoano uanze kwenye wiki ya tatu, chagua pambano moja tu, mechi nne mpaka saba, ulifuate lote kuanzia ya kwanza, usirukie ya mwisho, sababu chuki ya mechi ya sita imejengwa kwenye ya pili. Kama ni ngumi tu unazotaka, chukua ndondi, kule angalau wana raundi na daktari yuko ulingoni.

Mimi ukinibana nichague moja, mwaka ambao Leafs hawamo nipo na besiboli toka siku ya kwanza na sina deni na mtu. Mwaka ambao wamo, nitaangalia Leafs, nitaumia, alafu Mei nitarudi kwa Blue Jays ambao muda wote huo watakuwa wamecheza mechi thelathini na hakuna kilichoharibika.